Somo kwa Madereva wa Trekta: Injini Inapopoteza Nguvu Kazini



Trekta likipungua nguvu katikati ya kazi, lawama ya kwanza humwangukia dereva. Pengine pampu hufunguliwa bure na siku za kazi hupotea. Dereva anayejua kulipima trekta lake hatua kwa hatua huiokoa mashine, na pia huweza kujieleza mbele ya msimamizi. Mfano wetu ni Massey Ferguson 135 yenye injini ya Perkins ya silinda 3. Injini nyingine za dizeli hufuata kanuni hiyohiyo.

Kabla ya kugusa chochote: simama mahali tambarare, shusha plau chini, toa gia, funga breki, zima injini. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto.

1. NI INJINI KWELI?

Sikiliza mlio. Mlio ukishuka pamoja na mwendo, injini imeelemewa au imedhoofika. Inua plau kidogo, shuka gia moja, kisha tazama kama nguvu inarudi. Lakini mlio ukibaki juu huku trekta linapunguza mwendo, injini haina kosa: magurudumu yanateleza au klachi imelika.

2. TAZAMA MOSHI

Injini ya dizeli haiwashwi kwa plagi. Hewa hushindiliwa ndani ya silinda mpaka ipate joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa humo na kuwaka. Basi inahitaji vitu vitatu: hewa, dizeli safi, na mshindilio mzuri. Moshi hutuonyesha kilichopungua.

Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa. Chujio la hewa limeziba, mzigo umezidi, au nozeli ni mbovu.

Moshi kidogo, lakini injini inafifia: dizeli haifiki ya kutosha.

Moshi wa buluu: oili inaungua, pengine kwa sababu ringi za pistoni zimelika.

Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa na moto: dizeli haiungui yote, au maji yanaingia silindani. Mwite fundi.

3. NJIA YA HEWA

Chujio la aina ya zamani lina bakuli la oili. Lifungue. Ukikuta tope, mwaga, osha bakuli, weka oili safi mpaka kwenye alama. Usizidishe, kwa maana injini inaweza kuivuta oili hiyo na kukimbia bila kuzuilika. Wakati wa vumbi jingi, likague kila siku.

4. NJIA YA DIZELI

Dalili yake ni hii: trekta huanza kazi vizuri, baada ya muda hufifia, na likipumzika kidogo hupata nguvu tena. Anza na kitu kidogo kabisa, yaani tundu la kupumulia kwenye mfuniko wa tangi. Kopo la mafuta lililotobolewa tundu moja halimimini vizuri, na tangi nalo ni hivyohivyo. Legeza mfuniko. Nguvu ikirudi, umelipata kosa, safisha tundu.

Isiporudi, angalia kama taka zimeziba njia ya kutokea tangini, kisha mwaga maji na uchafu uliotuama chini ya chujio la dizeli, au badilisha chujio lenyewe. Ukishalifungua, hewa imeingia. Legeza skrubu ya hewa juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kisha kaza. Fanya vivyo hivyo kwenye pampu kubwa.

Usitafute uvujaji kwa kidole kwenye bomba za nozeli wakati injini inafanya kazi. Dizeli hiyo hutoka kwa nguvu ya kupenya ngozi, na jeraha dogo namna hiyo laweza kumpoteza mtu mkono. Likitokea, nenda hospitali mara moja. Pampu, nozeli na valvu ni kazi ya fundi.

5. ANDIKA

Weka daftari: tarehe, saa za kazi, rangi ya moshi, muda uliopita kabla ya nguvu kupungua, na ulichokagua. Mpe msimamizi taarifa, nawe ubaki na nakala. Trekta linalofifia likivuta tela mlimani laweza kurudi nyuma na kuua. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unasema mfanyakazi wa kilimo ana haki ya kujiondoa penye hatari kubwa iliyo karibu, akimwarifu msimamizi mara moja, wala asiadhibiwe kwa hilo. Daftari litakuwa shahidi wako.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini tunaanza na mfuniko wa tangi kabla ya pampu?
2. Mlio uko juu lakini trekta haliendi. Tutakagua nini?
3. Katika shamba letu, nani hupokea taarifa ya dereva, na huihifadhi wapi?