Hoteli Dar, kisha Handeni na Korogwe: safari ipangwe kwa hesabu

WAFANYABIASHARA wengi wa mikoani wanaoingia Dar es Salaam kuchukua mzigo wamejenga tabia ya kuunganisha safari mbili katika moja. Kwanza hulala mjini siku kadhaa kukamilisha shughuli za Kariakoo, kisha hupanda kaskazini kuangalia shamba au kiwanja, au kubadilisha hewa tu. Njia inayopendwa sana siku hizi ni ya Chalinze, Mkata, Handeni hadi Korogwe, hasa mwezi Septemba na Oktoba ambapo misitu ya miyombo huanza kutoa majani mapya na vilima vya Handeni hugeuka rangi.

Safari ya namna hii ina sehemu mbili zenye soko tofauti, na anayezipanga kwa kipimo kimoja hupoteza fedha katika zote mbili. Somo la wiki hii linachambua sehemu hizo kwa kutumia mfano wa mwenye duka la vipuri Mwanza anayetaka siku mbili za kazi Dar es Salaam na siku mbili za kutazama mashamba ya michungwa. Bei zilizomo ni za mfano ili hesabu ieleweke. Msomaji ataweka za kwake.

KITANDA NI BIDHAA INAYOOZA

Chumba cha hoteli kinafanana na nyanya kuliko kinavyofanana na saruji. Saruji isipouzwa leo itauzwa kesho, lakini usiku uliopita bila mgeni hauuziki tena. Mwenye hoteli analipa mlinzi, umeme na mkopo wa benki hata vyumba vikiwa vitupu. Ndiyo maana bei inayobandikwa mapokezi ni ya kuanzia mazungumzo, na jibu analopewa mgeni hutegemea siku aliyouliza.

Hoteli za katikati ya jiji, zile za Posta na kandokando yake, hutegemea watu wa semina, maofisa na wasafiri wa kampuni. Hao hujaa kati ya Jumatatu na Alhamisi, na ikifika Ijumaa jioni wameondoka. Kwa hiyo bei hulegea mwishoni mwa wiki. Hoteli za mapumziko huenda kinyume, kwani hujaa Ijumaa na kubaki tupu Jumanne.

Kanuni hiyo si ya Tanzania peke yake. Katika majimbo ya kaskazini mashariki mwa Marekani, watu hulala Boston kisha huendesha magari kwenda Vermont na New Hampshire kutazama majani yakigeuka mekundu na ya njano kabla ya baridi. Kilele huwa mwishoni mwa Septemba hadi katikati ya Oktoba, na mwisho wa wiki wa sikukuu ya Jumatatu ya pili ya Oktoba ndio mgumu kuliko yote. Nyumba nyingi za wageni huko hukataa kumpokea anayetaka usiku mmoja tu. Mgeni mjuzi huzunguka vijijini katikati ya wiki.

Tukirudi kwa mwenye duka wa Mwanza, kosa la kawaida ni kukimbilia unafuu wa mwisho wa wiki bila kujiuliza utamletea nini. Tuseme anafika Jumamosi na kulala Posta usiku minne. Jumamosi na Jumapili analipa Sh. 100,000 kwa usiku, Jumatatu na Jumanne Sh. 120,000. Jumla ni Sh. 440,000. Lakini maduka mengi ya jumla Jumapili hayafanyi kazi kikamilifu, hivyo siku za kazi alizopata ni mbili tu, Jumatatu na Jumanne. Kila siku ya kazi imemgharimu Sh. 220,000 za malazi.

Akifika Jumapili jioni badala ya Jumamosi, analipa usiku mitatu, Sh. 340,000, na siku ya kazi inashuka hadi Sh. 170,000. Hoteli ni ile ile na kazi ni ile ile.

Yupo wa tatu, ambaye analala nyumba ya wageni Kariakoo kwa Sh. 45,000 Jumapili na Jumatatu, kisha Jumanne jioni anahamia Mbezi kwa Sh. 40,000. Jumla yake ni Sh. 130,000, yaani Sh. 65,000 kwa siku ya kazi, na teksi ya kwenda sokoni haijui. Sababu ya kuhamia Mbezi ni kwamba mabasi ya mikoani hayaondokei tena Ubungo. Kituo Kikuu cha Magufuli kilichozinduliwa Februari 2021 kipo Mbezi Luis, na anayelala Kariakoo halafu akataka basi la alfajiri atalipia usafiri wa usiku au atachelewa.

Tofauti kati ya wa kwanza na wa tatu ni Sh. 310,000. Hata hivyo, hesabu hiyo ina tundu moja. Mwenye duka anayetembea na fedha taslimu za mzigo hanunui kitanda tu. Ananunua mlango unaofungika, mapokezi yenye mtu usiku kucha na mahali pa kuhifadhi bahasha. Nyumba ya wageni ya bei ya chini isiyo na hayo si rahisi hata kidogo. Dawa ni fedha kubaki benki au kwenye simu hadi saa ya malipo, ndipo nafuu ya chumba iwe nafuu ya kweli.

Aidha, vipo vipindi ambavyo hesabu zote hizi huvurugika. Wakati wa Maonyesho ya Sabasaba, yanayoanza mwishoni mwa Juni na kuvuka Julai 7, vyumba vya Dar es Salaam hukamatwa mapema. Desemba ni shida ya upande wa pili. Watu wa Kilimanjaro na Arusha wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mabasi yote yanapita Segera na Korogwe, na nafasi huwa za kugombea.

KUKODI GARI WAPI?

Wenye uwezo kidogo hupenda kukodi gari Dar es Salaam na kwenda nalo safari yote. Gari hilo linalipiwa siku ya kwenda, siku za kuzunguka, na siku ya kurudi. Mwenye duka wa mfano wetu akipanda basi la Handeni Jumatano na kukodi teksi huko huko kwa Alhamisi na Ijumaa, tuseme Sh. 120,000 kwa siku pamoja na mafuta, anatoa Sh. 240,000. Zile Sh. 310,000 alizookoa mjini zimelipa, na bado zinabaki Sh. 70,000 za nauli. Kubwa zaidi, dereva wa Handeni anajua njia za vijijini na anajua ni kijiji gani kina mgogoro wa ardhi. Taarifa hiyo haipatikani kwa dereva wa Posta.

Anayetumia gari lake mwenyewe akumbuke kuwa EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na orodha yake hutaja kila mji. Safari inayoanza Jumanne ya mwezi mpya inaweza kujazwa tangi kwa bei moja na kumaliziwa kwa nyingine. Vibao vya kilometa 50 kwa saa kwenye vijiji vya Mbwewe, Manga hadi Mkata navyo viingie kwenye bajeti ya muda, la sivyo vitaingia kwenye bajeti ya faini.

Kutoka Mkata, lami inaingia kushoto kilometa 54 hadi Handeni, kisha kilometa 65 hadi Korogwe. Zamani kipande hicho kilikuwa cha vumbi na wengi walipita Segera moja kwa moja. Leo mzunguko huo unamalizika asubuhi moja, na ndipo macho ya mwekezaji yanapoanza kumdanganya.

MAJANI YASIYO NA MVUA

Mwezi Septemba na Oktoba nchi imekauka, mvua za vuli bado, lakini miyombo inachipua. Majani machanga hutoka yakiwa mekundu, rangi ya shaba na ya waridi, kabla ya kugeuka kijani. Mgeni anayepita anadhani mvua imeshanyesha.

Haijanyesha. Miyombo ina mizizi mirefu na hutumia maji iliyohifadhi pamoja na yale ya chini ardhini ili kutoa majani kabla ya mvua ya kwanza. Wekundu huo ni kinga ya jani changa dhidi ya jua kali. Kule Marekani jani jekundu linaaga mwaka, hapa linaukaribisha. Katika hali zote mbili rangi haimwambii mtu kisima kina maji kiasi gani.

Kwa mtalii hilo si neno. Kwa mtu mwenye akiba ya Sh. milioni sita anayetaka ekari za michungwa, ndilo neno lenyewe. Handeni ina historia ndefu ya shida ya maji, na ndiyo sababu ulijengwa mradi wa Handeni Trunk Main, maarufu kwa jina la HTM, unaochukua maji ya Mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma hadi Handeni. Mradi wa Miji 28 kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa mwaka 2022, nao umeigusa Handeni. Serikali haisafirishi maji umbali huo kwenda mahali yalipo tele.

Mtu akifika na kuona shamba limependeza, aende kisimani saa kumi na mbili asubuhi. Aone foleni ya ndoo na aulize dumu linauzwa kiasi gani. Kwa kweli Oktoba ni mwezi mzuri kwa kazi hiyo, kwa sababu kiangazi kimefika mwisho na kisima chenye maji sasa kina maji mwaka mzima. Anayekwenda Mei, masika yakiwa yamejaza kila bonde, ataona Handeni nyingine kabisa.

Suala la pili ni matunda yenyewe. Wakulima wengi wa michungwa wa Handeni na Muheza, wakibanwa na ada za shule au ugonjwa, huuza mavuno yakiwa bado maua. Mfanyabiashara hulipa mapema kwa bei ya chini, kisha huja kuchuma msimu ukifika. Kwa hiyo shamba linaweza kuwa na mwenye ardhi mmoja na mwenye matunda mwingine. Mnunuzi asiyeuliza atalipia miti iliyosheheni, na katikati ya mwaka malori ya watu wengine yataingia kuchuma, tena kwa haki. Swali hili liulizwe mbele ya majirani, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

La tatu ni karatasi. Ardhi nyingi huko ni ya vijiji, na inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Karatasi iliyosainiwa na muuzaji na mjumbe chini ya mwembe haitoshi. Halmashauri ya kijiji ndiyo yenye usimamizi, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti yake, hivyo mnunuzi aone muhtasari wenye mihuri kabla hajatoa shilingi. Hapa ndipo ratiba ya wiki inaporudi. Mwenyekiti na mtendaji wa kijiji hupatikana kwa uhakika siku za kazi. Anayefika Jumamosi jioni atakutana na dalali peke yake, naye dalali Jumapili hana mapumziko.

Ndiyo maana katika mfano wetu Handeni iliwekwa Alhamisi. Asubuhi kisima na ofisi ya kijiji, mchana shamba, jioni teksi inashuka Korogwe. Ijumaa ni ya macho. Mashamba ya mkonge yanafuatana kuelekea Mombo, Milima ya Usambara ikiwa mkono wa kulia, na mwenye muda anaweza kupanda Soni hadi Lushoto ambako kijani hakiishi. Reli inayokatiza hapo ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, na miji yote miwili bado inaishi kwa wapitao.

Kuishi kwa wapitao kumewapoteza baadhi ya wawekezaji. Wakiona msururu wa mabasi Korogwe wanafikiria kujenga nyumba ya wageni. Wahesabu kwanza abiria wanashuka kufanya nini. Wanakula, wananunua machungwa, wanapanda. Tangu mabasi yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023, sababu ya kulala njiani imepungua zaidi. Mgahawa wenye choo safi na maegesho mapana una wateja wengi pale kuliko vitanda 20.

Kuhusu anayerudi na mzigo, mabadiliko ya mwaka 2017 yalishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Magunia machache ya mahindi hayana sababu ya kusumbuliwa kizuizini. Stakabadhi za EFD za malazi zote zitunzwe, kuanzia Kariakoo hadi Korogwe, kwani bila hizo Sh. 130,000 za Dar es Salaam hazitaonekana kwenye hesabu za duka mwisho wa mwaka.

Jumamosi mabasi ya kurudi Dar es Salaam hupita Korogwe tangu asubuhi. Anayetaka kiti cha uhakika akate tiketi Ijumaa kabla ya kupanda Lushoto.