Kitenzi "Vua": Maana na Matumizi Yake kwa Mwanafunzi wa Takawiri

Utangulizi

Takawiri ni kisiwa kidogo cha Ziwa Victoria, jirani ya Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay. Uvuvi ndio uti wa mgongo wa maisha ya huko: omena, mbuta na ngege. Kwa hiyo ni vigumu kupata kitenzi cha Kiswahili kinachomhusu mwanafunzi wa kisiwa hicho kuliko *vua*. Hata hivyo, si ajabu kusikia mzungumzaji wa Kijaluo akisema, "Baba ameenda kushika samaki." Makala haya yananuia kuonyesha maana za *vua*, na kudai kwamba Kijaluo kinaweza kuwa msaada badala ya kikwazo.

Vua ya kwanza: kutafuta samaki

Kuvua ni shughuli, si matokeo yake. Sentensi "Walivua usiku kucha wasipate kitu" ni sahihi. Tukisema "Walishika samaki usiku kucha wasipate kitu," tunajipinga wenyewe. Isitoshe, mnunuzi aweza kumshika samaki sokoni ilhali hakumvua. Kijaluo chenyewe kinatenga dhana hizi: *lupo* ni kuvua, *mako* ni kushika, na *jalupo* ni mvuvi. Mwalimu akianzia kwenye *jalupo*, mwanafunzi atagundua kwamba tofauti anayofundishwa anaijua tangu utotoni.

Vua ya pili: kuondoa kilichovaliwa

*Vua* hii ni kinyume cha *vaa*, kama *fungua* ilivyo kinyume cha *funga*. Katika Kichewa cha Malawi, kuvaa ni *kuvala* na kuvua ni *kuvula*. Kiswahili kimeidondosha *l* hiyo, lakini hujitokeza tena katika *valia* na *vulia*. Maana hii imepanuka hadi kwenye mambo yasiyovaliwa mwilini: mtu huvuliwa cheo, uanachama au madaraka. Katika mazungumzo ya kila siku, *toa* humeza *vua*, lakini "toa viatu" yaweza pia kumaanisha vitolewe sandukuni.

Namna ya kuzitofautisha

Kwanza, nomino *mvuvi* na *uvuvi* hutokana na vua ya kwanza pekee. Pili, vua ya kwanza huhitaji yambwa moja: "Walivua omena." Ya pili huweza kuchukua mbili: "Walimvua mwenyekiti cheo." Tatu, tuchunguze kauli ya kutendea. "Nyavu za kuvulia" ni ala za uvuvi. Lakini methali isemayo "Ukiyavulia maji nguo, sharti uyaoge" haihusu samaki, ijapokuwa maji yametajwa. Neno *nguo* ndilo linaloamua.

Zoezi

Kamilisha sentensi "Amevuliwa…" mara tatu: kwanza ihusu samaki, kisha mtoto mchanga, halafu kiongozi. Eleza ni neno gani lililoondoa utata katika kila sentensi.

Hitimisho

Mtoto wa mvuvi anapoketi kuandika insha kuhusu kazi ya wazazi wake, hastahili kukosa jina la kazi hiyo. Msamiati huo si wa watu wa pwani pekee. Sisi tutakaofundisha kando ya ziwa tusimwambie aisahau lugha ya nyumbani kwanza. Tumwonyeshe inakokutana na Kiswahili, na zinakoachana.