Msitu wa Familia Unataka Daftari

Katika Chiwata, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde upande wa Masasi, familia nyingi hujua idadi ya mikorosho yao bila kutazama popote. Ukiuliza kuhusu kipande cha pori walichoachiwa na wazee, jibu huwa fupi: "Miti ipo." Kipande hicho kina mininga, mipingo, mikongo na mitondoro. Miti hiyo hukatwa na kuuzwa mwezi Januari ada za shule zinapodaiwa, au Februari ghala linapokuwa tupu, kwa bei anayoitaja mnunuzi. Mti uliokua miaka 70 huondoka kwa shida ya wiki moja. Dawa yake ni mpango ulioandikwa, na wakati mzuri wa kuuandika ni baada ya minada ya korosho, pesa ikiwa mkononi na hakuna anayelazimika kuuza.

1. Anzeni na kikao cha wenye haki

Kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, ardhi ya ukoo mara nyingi hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno lake. Mpango ulioandikwa na baba na wanawe peke yao unaweza kupingwa siku ya kwanza ya mavuno. Waiteni wajomba, dada na vijana walioko mjini. Andikeni nani anaamua, nani anatunza, na mapato yatagawanywa vipi. Kisha tembeeni mipaka pamoja na majirani na mjumbe wa serikali ya kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu familia kupata hati ya haki miliki ya kimila. Ulizeni ofisi ya kijiji utaratibu umefikia wapi kwenu, kwa sababu msitu usio na mipaka inayokubalika hauna mwenyewe wa kuutetea.

2. Hesabuni mlicho nacho

Mnahitaji kamba, futi ya fundi cherehani, daftari na kalamu. Pimeni mraba wa mita 20 kwa 20, ambao ni sehemu moja ya 25 ya hekta. Ndani yake andikeni kila mti: jina lake, na mzunguko wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Mkigawa mzunguko kwa 3.14 mnapata kipenyo. Mpingo, kwa mfano, kipimo cha chini cha kuvuna kilichozoeleka ni kipenyo cha sentimita 24, yaani mzunguko wa kama sentimita 75. Rudieni miraba kadhaa, juu ya mteremko, katikati na chini. Hesabuni pia miche midogo inayoota yenyewe, maana hiyo ndiyo mavuno ya wajukuu.

3. Gaweni msitu kwa kazi

Kipande cha kwanza hakiguswi: miteremko mikali na maeneo ya chemchemi. Uwandani juu mchanga hunyonya mvua, na maji hujitokeza chini, kwenye kingo na miguu ya uwanda. Ukifyeka mteremko unaharibu maji ya kijiji kizima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 pia inalinda mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji.

Kipande cha pili ni cha kuni na fito. Miti mingi ya miombo huchipua tena ikikatwa vizuri: kateni mwishoni mwa kiangazi, karibu na ardhi, kisiki kikiwa na mwinamo ili maji yasituame. Baadaye bakizeni machipukizi mawili au matatu yenye nguvu, na mbuzi wasiingie.

Kipande cha tatu ni cha mbao. Humo chagueni miti mama iliyonyooka ya mninga na mkongo, itieni alama, na msiikate, kwani ndiyo itakayotoa mbegu.

Palipo wazi pandeni. Mtiki umestawi Rondo, mkoani Lindi, na hupandwa kwenye udongo usiotuamisha maji. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 hekta moja hubeba miche 1,111. Msimu wa kwanza pandeni kunde au karanga katikati, ili palizi moja ihudumie mazao mawili.

4. Fungeni kazi za msitu kwenye kalenda ya korosho

Desemba na Januari, mvua zikishika, pandeni. Mei na Juni, majani yakiwa bado mabichi, limeni barabara ya moto kuzunguka msitu, kabla kazi ya kupulizia mikorosho haijawamaliza nguvu. Agosti hadi Oktoba wekeni zamu ya ulinzi, kwa sababu moto wa kusafisha mashamba na wa wawindaji wa panya huua miche ya miaka mitano kwa mchana mmoja. Elewaneni na jirani siku atakayochoma.

5. Nendeni kwa mshauri na maswali

Afisa misitu wa halmashauri na ofisi ya wilaya ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania ndio wa kuanza nao. Kwa mikorosho inayopakana na msitu, kituo cha utafiti cha TARI Naliendele kiko Mtwara. Nendeni na daftari lenu, muulize: Miti ipi inahitaji kibali hata ikiwa shambani kwetu? Tupunguze mingapi kwa hekta? Miche bora inapatikana wapi? Andikeni jibu na jina la aliyelitoa. Ada yoyote mlipe kwa stakabadhi.

Familia moja hupata mshauri kwa shida, ila familia ishirini huitwa kikundi na husikilizwa. Katika Nyanda za Juu Kusini, programu ya upandaji miti iliyoendeshwa na Tanzania na Finland kuanzia 2014 ilijenga vyama vya wakuza miti vijijini, na wanachama wakafundishwa pamoja. Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu (FSC) mwaka 2009 kwa misitu yao ya asili yenye mpingo. Misitu ile ni ya vijiji, lakini funzo linafaa hata kwa familia: aliye na hesabu zilizoandikwa hukaa mezani na mnunuzi akijua anachouza.

6. Uzeni kwa kipimo

Msiuze "pori" kwa kukadiria kwa macho. Uzeni mti uliopimwa, mkiwa mmeuliza bei kwa wanunuzi wasiopungua watatu. Mkataba uandikwe mbele ya mashahidi, na kibali cha kuvuna kitoke kabla ya shoka kuingia. Mzigo usiondoke bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu, kwa sababu ukikamatwa njiani lawama hurudi kijijini.

Tengeni sehemu ya mapato kwa miche na ulinzi. Kila mwaka fungueni daftari mpitie yaliyofanyika, na kila baada ya miaka mitano hesabuni upya.

Malipo ya korosho ya msimu huu yakitoka, kabla ya kununua bati au pikipiki, itisheni kikao cha familia na mnunue daftari la kurasa mia moja. Andikeni ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo.