Majirani wanataka tujenge ukuta ziwani. Nichange?

Ndugu Mshauri, naandika kutoka Rumonge, Burundi. Tunaishi kaya kadhaa kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024 maji yaliingia hadi vyumbani, nikahamia kwa shangazi pamoja na wanangu. Sasa majirani wanataka tuchange fedha tujenge ukuta wa saruji palepale maji yanapoishia. Mmoja anasema ukuta ukishasimama viwanja vitapanda bei, tujenge nyumba za kupangisha. Mimi nina michikichi nyuma ya nyumba na kipande cha bonde nilichorithi kwa baba. Nichange au nikatae?
Mama wa Michikichi

Dada yangu, pole kwa masumbuko ya kuhama na watoto. Jibu langu ni hili: ukuta huo usiuchangie, na bonde lako usiliuze.

Wengi wakisema ukuta wanafikiria ule wa Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam. Ule unakabili bahari, ambayo hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, kwa hiyo maji hayaulemei mfululizo. Ziwa Tanganyika halina kupwa kwa namna hiyo. Mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kalemie nchini Kongo, na sehemu kubwa ya maji huondoka kwa kugeuka mvuke chini ya jua. Ziwa likipanda, hushuka polepole mno. Mwaka 2024 lilifika karibu mita 777 juu ya usawa wa bahari, kimo lilichokaribia pia katika miaka ya 1960 baada ya mvua kubwa za miaka ile. Ukuta wenu utaegemewa na maji kwa miezi, na chini yake kuna mchanga. Maji yatapenya chini kwa chini na kuchipuka upande wa pili, nyuma ya ukuta ambao hata ufa hauna.

Kisha kuna mawimbi. Kuanzia Mei ziwa likiwa bado juu, pepo za kusini-mashariki huanza kuvuma kwa nguvu. Wimbi likigonga ukuta uliosimama wima hurudi nyuma na kuchimba mchanga miguuni pake, hadi msingi unabaki hewani. Mlalo wa mawe makubwa hulichosha wimbi, na matete pia hulichosha. Ndiyo maana nakusihi msikate matete yaliyobaki ufukweni, ambayo pia ni maficho ya samaki wachanga.

Mnaweza basi kujenga tuta la udongo? Ndiyo, lakini lihesabuni kwanza. Tuta la kimo cha mita 2, lenye njia ya mita 3 juu yake, na mlalo wa mita 3 kwa kila mita moja ya kimo pande zote mbili, linahitaji upana wa mita 15 chini. Udongo wake uwe wa mfinyanzi, ushindiliwe tabaka kwa tabaka, upande wa ziwa ufunikwe mawe, na juu yake paote nyasi tu. Mchikichi au mwembe usipandwe juu ya tuta, kwa sababu mti ukifa mizizi huoza na kuacha vijia vya maji. Kwa kiwanja cha upana wa mita 20 tuta limekwisha kukimeza karibu chote, kwa hiyo mahali pake ni nyuma, mbali na maji, na kwa makubaliano ya mtaa mzima. Tuta la kaya chache huzungukwa na maji kwenye ncha zake.

Jambo ambalo naona majirani zako hawakulitaja ni maji ya mlimani. Rumonge iko chini ya miteremko, na mito kama Dama na Murembwe hushuka kuja ziwani. Mkilifungia ziwa mbele, mvua ya usiku mmoja itajaa nyuma yenu kama kwenye beseni. Watu wa Gatumba, karibu na Bujumbura, wanalijua hili kwa uchungu: mwaka 2020, 2021 na tena 2024 walifurikiwa, huku mto Rusizi ukiwa upande mmoja na ziwa upande mwingine. Tuta lolote lazima liwe na makalavati yenye milango inayofunguka kuelekea ziwani na kujifunga ziwa linaposukuma, na mtu aliyepewa kazi ya kuisafisha. Bila hilo msianze.

Sheria nayo inawahusu. Kanuni ya Maji ya Burundi ya 2012 inalinda mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Kabla ya kutoa hata faranga moja, nendeni komine na ofisi ya mazingira, OBPE, mjue nyumba zenu ziko ndani au nje ya mpaka huo, na muwaombe IGEBU, taasisi ya jiografia, kimo halisi cha eneo lenu. Ukuta uliojengwa ndani ya mpaka huo bila ruhusa waweza kuamriwa ubomolewe.

Kuhusu bonde, naelewa ukiogopa kulipoteza ukihama. Rumonge ina historia nzito ya ardhi: waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliporudi, wengi walikuta wengine wakilima mashamba yao. Kwa hiyo hamisha kitanda na jiko, haki yako ya ardhi ibaki palepale, na hati yake itunzwe mahali pakavu. Tuta likijengwa, karibu nalo panda mpunga na majimbi, mimea inayovumilia maji. Michikichi iliyokomaa huvumilia mafuriko mafupi, lakini haiishi miezi mingi mizizi ikiwa majini, na miche hufa mapema zaidi, kwa hiyo miche mipya ipande juu zaidi. Nyumba ijengwe juu kupita alama ya maji ya 2024, ambayo nakuomba uipake rangi ukutani leo kabla haijasahaulika. Fedha uliyoombwa kuchanga itafaa kuanzia msingi wa nyumba hiyo.

Yule jirani wa nyumba za kupangisha ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Mpangaji atakayetoka Bururi au Makamba ataona ukuta na kuamini yuko salama, na atalaza watoto sakafuni. Isomeni barua hii kwenye kikao kabla mchango haujakusanywa, na mkubaliane kwa sauti moja kwamba nyuma ya tuta, chini ya alama ya maji ya 2024, hapajengwi nyumba yoyote ya kulala watu.