Maisha ya Chuoni na Kijana wa Madrasa: Tuanze na Chuo Kilichopo Hapa Kizimbani



  

 Katika jarida hili kila mwaka huwa tunaandika somo kwa ajili ya wale wanaotuaga, yaani waliomaliza kidato cha nne na cha sita na sasa wanasubiri matokeo huku roho zao ziko juu. Safari hii tunazungumzia maisha ya chuoni: masomo, michezo, utamaduni na kazi inayokuja baadaye. Somo hili hatukulichagua wenyewe. Tulisukumwa na suali la mwanafunzi mmoja wa darasa la jioni.

Ilikuwa hivi. Siku ya Jumatatu vijana wawili walikuja bila ya kuhifadhi walichopewa. Tukawakaripia kwa maneno ambayo pengine kila mwalimu wa visiwa hivi ameshayatamka: "Msiposoma mtaishia kulima." Kisha tukawapa majembe wakapalilie uwanja wa madrasa. Siku ya Jumatano tukasomesha hadithi. Ilikuwa ni ile ambayo ndani yake Mtume (S.A.W.) anatufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo mtu, ndege au mnyama, basi yeye huandikiwa sadaka. Kijana mmoja, wala si katika wale wawili, akanyoosha mkono: "Ustadh, sasa kulima ni sadaka au ni adhabu?"

Darasa zima likanyamaza likitutazama. Tulibabaika, tukasema jibu lake tutalileta wiki ijayo. Wiki ile ilipita, na nyengine nyingi zikapita. Jibu lenyewe ndilo hili.

Neno "chuo"

Kabla watu wa kwetu hawajajua Chuo Kikuu, chuo kilikuwa ni pale mtoto anapopelekwa na juzuu yake kwapani. Mpaka leo mzee wa hapa kijijini ukimwambia mjukuu wake yuko chuoni, anaweza kukuuliza: "Kwa maalim gani?" Katika Kiswahili cha zamani chuo maana yake ilikuwa ni kitabu, na ndiyo maana mtu aliyebobea katika elimu anaitwa mwanachuoni. Kwa hiyo kijana wetu anapojiunga na chuo kikuu asidhani kwamba ameacha chuo. Yuko katika chuo kile kile, ila amehamia darasa jengine.

Tunasema hivi kwa sababu tunao waliofunga msahafu siku waliyopokea barua ya kukubaliwa.

Aibu ya jembe imetoka wapi?

Suali la yule kijana lilitufanya tujiulize dharau hii ya kulima tumeirithi kwa nani. Katika Qur-ani haimo. Katika mwenendo wa Mitume haimo pia, kwani Nabii Daud (A.S.) alikuwa mfalme na bado akila kutokana na kazi ya mikono yake. Kwa maoni yetu jawabu liko chini ya miguu yetu, katika ardhi hii ya Kizimbani.

Mikarafuu ya mwanzo kupandwa Unguja, mwanzoni mwa karne ya 19, ilipandwa Mtoni na hapa Kizimbani na mfanyabiashara wa Kiarabu aitwaye Saleh bin Haramil al-Abri. Miche yake ilitoka katika visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa mikononi mwa Wafaransa. Baadaye shamba hili lilichukuliwa na Sayyid Said, na magofu ya hamamu ya enzi zake bado yapo hapa. Inasimuliwa kuwa aliwaamuru wenye mashamba kila penye mnazi mmoja wapande mikarafuu mitatu. Karafuu ikajaa, na Zanzibar ikajulikana dunia nzima.

Lakini nani alipanda, nani akapalilia na nani akachuma? Sehemu kubwa ni watumwa, mpaka utumwa ulipofutwa kisheria hapa Unguja na Pemba mwaka 1897. Jembe likawa alama ya mtu asiyekuwa na hiari yake. Aliyetaka kuonesha kwamba ni muungwana, jambo la kwanza alilofanya ni kulitupa jembe. Utumwa umeondoka, watu wake wote wamekufa, lakini ile dharau imebaki majumbani mwetu, na sisi walimu tunaipa nguvu kila tunapomwambia mtoto kwamba ataishia kulima.

Chuo cha jirani

Hapa petu kuna chuo cha kilimo ambacho kwa miaka mingi kilikuwa chini ya Wizara ya Kilimo, na sasa ni Skuli ya Kilimo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Jirani yake kuna utafiti wa kilimo, kazi ambayo imekuwa ikifanyika Kizimbani tangu wakati wa ukoloni. Watoto wetu hupita pale kila siku wakienda skuli. Ukiwauliza wanataka kusoma wapi, watakutajia Dar es Salaam, Uturuki na Malaysia.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani alikubaliwa hapo kwa masomo ya stashahada. Mwaka mzima wa kwanza aliwaambia majirani kwamba anasoma kompyuta. Akitoka shamba la mafunzo huosha viatu vyake mferejini kabla hajafika njia panda, ili asionekane na udongo. Tulipomuuliza kwa nini, alisema baba yake alimwambia: "Mimi nimelima bila ya cheti miaka thelathini, wewe unakwenda kutafuta cheti cha nini?" Hatukuwa na la kumjibu siku ile.

Jibu alilitoa yeye mwenyewe, tena kwa vanila. Alimpeleka mzee wake kitaluni akamuonesha ua la vanila ambalo huchanua asubuhi moja tu, na likipita bila ya kuchavushwa hunyauka na kuanguka. Mdudu wa kulifanyia kazi hiyo hayupo huku kwetu. Lazima mtu alichavushe kwa mkono kwa kijiti chembamba, ua moja moja, kisha asubiri kiasi cha miezi tisa mpaka ganda likomae. Njia hii iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na mtoto wa miaka 12, Edmond Albius, ambaye alikuwa mtumwa. Mabwana wenye mashamba walikuwa na miti hiyo miaka mingi na hawakuweza kuizalisha. Mtoto asiyekuwa na hata uhuru wake aliliangalia ua kwa makini akaelewa, na mpaka leo vanila ya mashambani huchavushwa kwa njia kama ile yake.

Yule mzee alikaa kimya, kisha akaomba afundishwe. Tangu siku hiyo, kijana wetu haoshi viatu njiani.

Elimu inayosomeshwa pale si ya kushika mpini peke yake. Mwanafunzi anasoma udongo, maradhi ya mimea, ufugaji na hesabu za mazao. Nchi yetu wakati mmoja ikiongoza dunia kwa karafuu, na leo Indonesia inazalisha nyingi mno kutuzidi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, lakini hatuwezi kukilaumu kimbunga kwa kila kitu. Mti unataka wa kuujua.

Dakhalia, bumu na madesa

Sasa tuingie ndani ya chuo chenyewe, chochote kile kiwacho. Jambo la kwanza litakalomshangaza kijana wetu ni kwamba hakuna wa kumgongea mlango wakati wa Alfajiri. Katika dakhalia kila mtu ni mzee wa nafsi yake. Waliotutangulia wanatuambia kwamba mtihani mkubwa wa muhula wa kwanza hauko darasani, uko kitandani.

La pili ni pesa. Mkopo wa elimu ya juu ukitoka, wanafunzi huuita bumu, na jina lenyewe linaeleza, kwani hulipuka mara moja halafu panabaki moshi. Simu mpya, viatu, biriani za kukaribishana, na kabla muhula haujafika katikati mtu anakula chai kavu. Kumbukeni kwamba huo ni mkopo, na deni katika dini yetu ni jambo zito. Mtume (S.A.W.) akiletewa jeneza akiuliza kama maiti ana deni. Basi anayepokea fedha za Bodi ya Mikopo aandike katika daftari anachochukua, na awaambie wazee wake.

La tatu ni madesa, yaani zile karatasi za maelezo zinazopita mkono hadi mkono. Wako wanaosoma madesa tu usiku wa kuamkia mtihani. Hao ndio wanaorudi likizo na sapu tatu, na wengine hudisko kabisa wakaona haya kuwaambia wazazi wao. Kijana wa madrasa ana silaha hapa, kwani amezoea kurudia aya moja mara ishirini mpaka ikae. Atumie mazoea hayo hayo.

Michezo na utamaduni

Wazee wengine wanatuuliza kama michezo ya chuoni inafaa. Tunasema inafaa, tena inatakiwa. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), safari moja akamshinda na safari nyengine akashindwa. Na siku ya Idi, Wahabeshi walicheza na mikuki yao ndani ya msikiti wa Mtume, na yeye akamsitiri Bibi Aisha huku akiangalia. Dini yenye habari hizi haiwezi kuambiwa inachukia mchezo.

Tatizo letu liko katika saa na nguo. Mechi nyingi hupigwa alasiri, na mchezo unaoanza saa kumi kasorobo unakula sala ya watu ishirini na mbili na watazamaji wao wote. Manahodha wa timu wapange mchezo uanze baada ya Alasiri kusaliwa na umalizike kabla ya Magharibi, muda upo wa kutosha. Bukta ifunike magoti. Mabinti nao wana haki ya netiboli yao, na uongozi wa wanafunzi uwatafutie uwanja wenye stara. Wasiambiwe tu wakae. (Timu yetu ya madrasa tusiiseme sana. Mwaka huu tumefungwa na watoto wa kijiji cha pili mabao manne, na sala tulisali.)

Kuhusu utamaduni, vyuoni huwa na siku maalumu za kuonesha mavazi, vyakula na ngoma za kila mahali. Vijana wetu husimama pembeni wakidhani hawana cha kuonesha. Nyinyi mna kasida, mna dufu, mna maulidi ya homu, mna bao, mna Kiswahili ambacho wageni kutoka nchi za mbali wanafunga safari kuja Unguja kujifunza. Tena mwanafunzi wa Bara asiyewahi kuingia katika nyumba ya Mzanzibari huenda akamjua Muislamu kwa mara ya kwanza kupitia kwako. Mkaribishe futari.

Kuchagua fani

Hapa tutasema jambo moja ambalo sisi walimu wa dini linatuuma, lakini ni bora mlijue mapema. Vyuo vya ufundi na stashahada nchini, kwa ngazi ya cheti, hutaka ufaulu wa masomo manne katika kidato cha nne, na masomo ya dini hayahesabiwi katika hayo manne. Tumeshuhudia kijana mwenye alama nzuri sana katika Elimu ya Dini akikataliwa kwa kuwa masomo mengine aliyofaulu yalikuwa matatu. Alilia mbele yetu. Hakuna aliyemwambia, na wa kumwambia tulikuwa sisi. Anayetaka shahada kupitia kidato cha sita ahakikishe ana ufaulu kamili wa masomo mawili yanayohusiana na fani yake, na asome mwongozo wa udahili wa mwaka wake mwenyewe, asitegemee wa kaka yake.

Wapo vijana wa Kizimbani na Kidichi wanaotembeza watalii katika mashamba ya viungo. Wanaijua iliki, mdalasini, kungumanga na mlangilangi kwa macho na kwa pua, na Kiingereza na Kitaliano wamekiokota njiani. Hiyo ni kazi ya halali na hatuidharau. Ila wengine wameacha skuli kwa ajili ya bakshishi za msimu, na msimu una kusi na masika yake. Tunawaambia hao: mnayoyajua kuhusu miti hiyo tayari ni nusu ya mwaka wa kwanza wa chuo, kamalizeni nusu iliyobaki.

Na yule aliyetuuliza suali? Majembe ya madrasa hatuyatumii tena kwa adhabu. Anayekosa huhifadhi zaidi, na kupalilia kumekuwa ni kwa zamu, walimu nasi tumo. Yeye amemaliza kidato cha nne mwaka huu na amechukua fomu ya chuo cha hapa hapa. Mama yake ameridhia. Baba bado, anasema mtoto mwenye akili kama hiyo asipotezwe shambani. Ametutaka twende nyumbani kwao tukazungumze, na tumeahidi kwenda Ijumaa baada ya Isha. Tutamchukua na yule wa vanila.