SOMO LA VIKUNDI: TUHESABU GHARAMA KABLA YA KUCHIMBA MSINGI



Kikundi kikishaweka akiba kidogo, mara nyingi wazo linalofuata ni nyumba za kupangisha. Kwetu Nadapal, kando ya barabara ya Lodwar kwenda Kakuma, si wazo baya. Lodwar imekuwa makao makuu ya kaunti tangu 2013, na Kakuma imekua tangu kambi ya wakimbizi ianzishwe 1992. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wanahitaji vyumba. Lakini pesa hizi ni mbuzi aliyeuzwa na mama mmoja, na akiba ya mjane mwingine. Zikikwama katikati ya mjengo, ni nani atazirudisha?

1. Ardhi kwanza. Sehemu kubwa ya Turkana ni ardhi ya jamii. Kwa Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, mtu mmoja hawezi kuuza ardhi hiyo peke yake, hata akiwa na barua na mashahidi. Pale ambapo jamii imeandikishwa, muone kamati yake ya ardhi, ambayo huwa na watu 7 hadi 15. Pale ambapo bado, ulizeni ofisi ya ardhi Lodwar. Msilipe chochote kabla ya hapo.

2. Andikeni kila kitu. Mawe, matofali, saruji, mbao, mabati, misumari, milango, madirisha. Choo pia, maana wengi hukisahau. Ulizeni bei katika maduka matatu. Kitale bei huenda ikawa nafuu, lakini ni safari ya kilomita 300 hivi. Basi ongezeni lori na wapakiaji, halafu mlinganishe. Mchanga wa laga unaonekana ni wa bure, lakini kuusomba si bure. Maji nayo yana gharama: katika jua letu, kazi ya saruji humwagiliwa maji siku 7 au zaidi, la sivyo inapasuka.

3. Wekeni akiba ya dharura. Kwa kila shilingi 100, ongezeni 10. Bei hupanda, na lori hukwama.

Tazameni mfano huu wa vyumba viwili. Bei si za kweli, wekeni zenu:

Vifaa: 180,000
Usafiri: 30,000
Fundi na vibarua: 50,000
Maji: 10,000
Jumla: 270,000
Akiba ya dharura: 27,000
Jumla kuu: 297,000

4. Hesabuni mapato kwa ukweli. Kila chumba kikilipa 3,000 kwa mwezi, vyote viwili ni 72,000 kwa mwaka. Mwenye haraka atagawanya vifaa peke yake, 180,000, kwa 72,000, aseme pesa zitarudi kwa miaka miwili na nusu. Sivyo. Kila chumba chaweza kukaa tupu miezi miwili: toeni 12,000. Matengenezo, kama mchwa kwenye mbao na mabati yaliyong'olewa na upepo: toeni 10,000. Zinabaki 50,000. Sasa gawanyeni 297,000 kwa 50,000. Ni karibu miaka sita! Na kama ni pesa za mkopo, riba bado hatujaitoa.

Je, tuache? Hapana. Miaka sita si mibaya kwa nyumba imara, mradi wanachama wote wanaijua kabla ya kuchanga. Aliyeahidiwa miwili na nusu atagombana na mweka hazina mwaka wa tatu.

Pesa zikitosha chumba kimoja tu, jengeni kimoja mpaka paa na mlango, kipangishwe. Kuta za matofali mabichi zisizo na paa huyeyuka mvua ikinyesha. Kila malipo yawe na risiti, na kitabu kisomwe mbele ya wote kila mkutano.

Maswali ya kujadili:
- Kiwanja chetu ni cha nani kisheria?
- Mwanachama akitaka kutoka kabla ya miaka sita, tutamlipa kutoka wapi?
- Nani atakusanya kodi, na nani atamkagua?