Nairobi hadi New York: Jinsi ya Kusoma Saa na Umbali kwenye Tiketi ya Ndege

Tiketi inasema ndege inaondoka Nairobi 23:25 na kutua New York 06:25. Msafiri mgeni hupiga hesabu haraka, akapata saa saba, akafurahi. Kumbe atakaa kitini saa 15. Saa ya kuondoka imeandikwa kwa majira ya Nairobi, na ya kufika kwa majira ya New York. Alama ndogo ya +1 kando yake humaanisha utafika kesho yake.

Ili upate muda halisi, zigeuze saa zote mbili ziwe za mji mmoja. New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane wakati wa baridi. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba tofauti hiyo ni saa saba, kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao mbele. Basi 06:25 ya Januari kule ni 14:25 kwetu, yaani saa nane na dakika 25 mchana.

Saa zinazowaponza wengi ni zile za baada ya usiku wa manane. Tiketi ya 00:40, tarehe 12, inakutaka uwe uwanjani usiku wa tarehe 11, mapema kama saa tatu na nusu. Wapo walioachwa na ndege kwa kosa hili, mizigo imefungwa na ndugu wameshakuja kusindikiza.

Umbali kati ya viwanja hivi viwili ni takriban kilomita 11,850. Ukiutafuta kwa kuweka rula juu ya ramani ya ukutani, mstari utatokea baharini karibu na Mauritania. Lakini dunia ni mviringo, na njia fupi hupinda kaskazini: Sudan Kusini, Darfur, Chad, Niger, Algeria, hadi Morocco. Nusu ya safari inapotimia, bado uko Afrika, si mbali na Marrakech. Nusu iliyobaki karibu yote ni Atlantiki. Rubani hafuati mstari huo kama reli. Hali ya hewa na anga zilizofungwa kwa vita humlazimu kuzunguka.

Kenya Airways ilianza safari hii ya moja kwa moja Oktoba 2018, kwa ndege aina ya Boeing 787. Ndege hiyo hukata karibu kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo kwa hesabu tupu ingetosha saa 13 na kidogo. Zinazoongezeka huenda kwenye kupaa, kushuka, kusubiri foleni ya njia ya kurukia, na zaidi ya yote upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, juu ya Atlantiki ya kaskazini, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Unapokwenda unakukabili, unaporudi unakusukuma. Ndiyo maana kurudi Nairobi huchukua kama saa 14 tu.

Anayepitia Doha husafiri zaidi ya kilomita 14,000, bila kuhesabu kusubiri uwanjani. Mara nyingi nauli yake ni nafuu, na wengine hupenda kunyoosha miguu katikati. Hilo ni la mfuko wako na magoti yako.

Kukaa kitini muda mrefu huweza kugandisha damu kwenye mishipa ya miguu. Inuka utembee kila baada ya saa moja au mbili, na unywe maji. Mwenye kutumia dawa kwa saa maalumu, hasa insulini, amwone daktari kabla ya safari wapange ratiba pamoja, na dawa azibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku linalopelekwa chini ya ndege.

Na unapomwarifu atakayekupokea, mtajie tarehe na saa ya kufika kwa majira ya mji wake.